Iko Mutu Ndani

Alizaliwa wapi, baba yake nani, sijui, na sasa sina hata hamu ya kujua. Sisi tulimkuta yupo. Tulimwita Mama Fundi kwa sababu alishona, na alishona barazani, nyumba ya tatu kwenye mstari wa maduka ya Magarama, hapo Gitega, ambapo ukoo wetu uliishi tangu miaka ya uhuru mpaka tulipotawanyika. Ninamwandika kwa sababu moja, na afadhali niiseme mapema nisionekane ninazungukazunguka. Asubuhi moja, wakati wa ile vita ambayo sisi tunaiita krizi, kaka yangu Saidi alijificha chooni. Waliokuwa wakimtafuta walikuwa uani. Mama Fundi akasema kwa sauti, "Iko mutu ndani." Wakamchukua. Kwa miaka mingi nilitaka kujua kitu kimoja tu: yule mama alisema vile kwa mazoea, au alikusudia?

Basi, nianze na choo chenyewe, maana huwezi kumweleza Mama Fundi ukaruka choo.

Kilijengwa na Mhindi mwenye maduka, mwaka uleule bendera ilipobadilishwa. Milango miwili, wa kushoto wanaume, wa kulia wanawake, saruji chini, mabati juu, mwisho wa ua. Kilikuwa cha wapangaji. Lakini mteja akibanwa akiwa dukani utamwambia nini? Wakaanza wateja, wakafuata wachuuzi, wakaja abiria waliokuwa wakingoja gari la Muyinga, wakaja walimu wa Mushasha wakipita kwenda sokoni, wakaja akina mama wa Mutoyi na vikapu vyao kichwani. Mwisho wake kikawa choo cha mji mzima, na hakuna aliyetoa ruhusa.

Makomeo ya ndani yaliibiwa wiki ya pili. Yakawekwa mengine, nayo yakaenda. Nani anaiba komeo la choo, sijui, lakini yupo, na bila shaka naye alikuwa akijisaidia humohumo. Mhindi akakasirika, akasema hanunui tena, kila mtu ashike mlango kwa mkono wake. Sasa ukichuchumaa pale, mkono haufiki mlangoni, hata uwe na mikono ya kuchumia maembe. Ndivyo Mama Fundi alivyogeuka kuwa komeo.

Mashini yake ya kushonea ilikaa mahali ambapo akiinua macho kidogo tu anaona milango yote miwili. Hakuna aliyemwajiri. Mtu akielekea chooni na ndani kuna mwenziwe, Mama Fundi anasema, mguu ukiendelea kukanyaga mashini, "Iko mutu ndani." Basi unasimama. Aliyeko ndani naye anakohoa kidogo, kuonyesha kwamba amesikia na hatachelewa. Ni hayo tu. Mgeni akija mara moja alikuwa ameshajua, na nilipopelekwa Kigoma kusoma kwa wajomba zangu nilishangaa kuona watu wanafungiana milango usoni na kugonga kama askari.

Kugonga alikuchukia kabisa. Akikuona unanyanyua mkono kugonga, alikuwa anakukata hapohapo. "Unagonga nini, bana? Unataka akufungulie akupe chai?"

Na hakusema kamwe aliyeko ndani ni nani. Hata ukimwuliza. Siku moja karani wa Mhindi alikuja mbio, lori limefika na mwenye funguo za ghala yuko chooni, akasimama mbele ya mlango akaanza kuita: "Hamisi! We Hamisi! Funguo ziko wapi?" Mama Fundi akasimamisha mashini. Hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa, maana yule mama hakusimamisha mashini hata mvua ya mawe ikinyesha. Akamwambia, "Mule ndani mutu hana jina. Ngoja atoke, atalipata tena."

Karani alingoja. Lori lilingoja. Hamisi alitoka ameinamisha kichwa, na hakuna mtu aliyemsemesha mpaka alipofika kwenye mndimu.

Mndimu ulikuwa hatua kama kumi kutoka chooni, na ndio ulikuwa mpaka. Kabla ya mndimu hakuna salamu, kwenda wala kurudi. Mama yangu, mwanamke wa heshima zake, alikosea mara moja. Shehe wa msikiti alikuwa akitoka, kopo mkononi, na mama akampa salamu ya dini hapohapo mlangoni, na goti akapiga. Mzee wa watu akababaika, hajui ajibu au asijibu, kopo alifiche wapi. Alipokwisha kupita, Mama Fundi alimwita mama pembeni. "Umemuaibisha mwanaume ya watu. Salamu inaoza? Ungengoja afike kwenye ndimu." Mama alikasirika siku tatu. Siku ya nne akaanza kutufundisha sisi watoto hayohayo, tena kama yake.

Viti vya barazani navyo. Wanaume wa mtaa wetu walipenda kukaa pale alasiri wakicheza karata, na zamani waliketi wakitazama uani, kwenye kivuli. Akaja bibi harusi, mke wa kijana wa nyumba ya pili, msichana wa Muyinga, mwenye haya mno. Wiki ya kwanza akawa anaumwa tumbo. Wakampa mwarobaini, wakampa maji ya moto, wakaanza kunong'onezana kuwa ameshapata mimba. Mama Fundi akawacheka. Alikuwa amemwona yule binti mara nne akija mpaka kwenye mndimu, anaona wanaume sita wamekodoa macho, anarudi ndani. Alikuwa anajizuia mchana kutwa!

Mama Fundi hakumwambia mtu. Siku iliyofuata, kabla wanaume hawajaja, alichukua viti vyote akavigeuza vitazame barabarani. Walipofika wakaanza kuvigeuza tena, akawaambia, "Acheni hivyo. Huko nyuma munatafuta nini? Iko sinema?" Mmoja akasema jua la barabarani linaumiza macho. "Funga macho," akamjibu. Tangu siku ile viti vya baraza ile vilitazama barabara, na vizazi vilivyofuata vilidhani ni kwa ajili ya kuangalia magari.

Usidhani alikuwa mtu mpole. Ahaa! Mdomo wake ulikuwa wembe. Alisema watu mbele yao na nyuma yao. Mimi aliwahi kuniambia, nikiwa na miaka kumi na tano na chunusi usoni, "We hata ukilala uko mubaya." Alijua nani amegombana na mumewe, nani amekula akiba ya mwenziwe, nani anajifanya anafunga Ramadhani huku anakula mandazi nyuma ya ghala, na yote aliyasema. Lakini alichokijua kutokana na ule mlango hakukitoa. Fikiria basi: mwanamke anayekaa miaka thelathini anaangalia mji mzima ukiingia na kutoka chooni anajua nini na nini? Anajua nani anaharisha, nani anatapika asubuhi, nani anakojoa kila nusu saa na hajaenda kwa daktari. Yote hayo alikufa nayo moyoni, au atakufa nayo. Mjane mmoja alikuja kujua baadaye kwamba Mama Fundi ndiye aliyempeleka mume wake hospitali, kwa kumwambia tu, walipokutana njiani mbali na kwetu, "Baba, kunywa maji mingi na uende ukapimwe." Hakueleza sababu.

Kopo lilikuwa jambo jingine. Sisi Waislamu tunatumia maji, na pale mlangoni kulikuwa na bidoni kubwa la maji na makopo mawili. Sheria yake: unapotoka, unaliacha kopo limejaa. Si kwa ajili yako, kwa ajili ya huyo anayekuja, ambaye pengine anakuja mbio. Wengine walikuwa wanatumia karatasi, na hilo hakulikataa, alisema kila mtu na alivyolelewa. Kulikuwa na mwalimu mmoja kutoka Mushasha, tai shingoni, viatu vinang'aa, aliyekuja kila Jumamosi na gazeti lake. Alikuwa anasoma habari zote humo ndani, watu wamejipanga, kisha anatoka na kuacha mahali pachafu kuliko alivyopakuta. Sisi tulitaka afukuzwe. Mama Fundi akaenda akapaosha mwenyewe, kimya, mara ya kwanza, na mara ya pili. Jumamosi ya tatu mwalimu alipokuwa anatoka alimkuta Mama Fundi amesimama mlangoni, kabla ya mndimu, anavunja sheria yake mwenyewe, ameshika ndoo na ufagio kwa mikono miwili kama mtu anayemkaribisha mgeni maji ya kunawa.

"Karibu, mwalimu," akasema.

Mwalimu akatazama ndoo. Akavua koti, akatafuta pa kulitundika, Mama Fundi akalipokea. Akarudi ndani akafagia, akamwaga maji. Alirudi tena Jumamosi zilizofuata, na gazeti alianza kuliacha kwa Mama Fundi alishike. Nadhani walikuja kupendana kidogo, kwa jinsi ya watu wasiosemeshana.

Na alikuwa mwizi. Hili lazima niliseme, maana siandiki habari za malaika. Ukimpelekea kitambaa cha mita tano, gauni lingetoka la mita nne na nusu, na ukiuliza vipande vilivyobaki anakutazama kama humjui. "Kitambaa imeingia maji, imerudi ndani." Wanawake walimlaani. Miaka mingi nikamlaani na mimi. Halafu nikavunja ungo, na siku moja nikashikwa ghafla nikiwa kule chooni, upande wa kulia, sina kitu, nalia. Nikainua macho nikaona kikapu kimetundikwa juu ya msumari. Ndani yake vitambaa vimefuliwa, vimekunjwa, vya kila rangi: khanga ya shangazi yangu, kitenge cha jirani, kipande cha gauni langu la Idi. Kila mwanamke aliyepita pale alikijua kile kikapu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukitaja, hata wale waliokuwa wakimlaani. Na mimi nikaendelea kumlaani pamoja nao.

Yeye mwenyewe hatukuwahi kumwona akiingia. Kweli nakwambia. Watoto tulimvizia siku nzima kwa zamu, tukachoka.

Sasa nifike kwa Saidi.

Kaka yangu alikuwa dereva wa Mhindi. Chumvi na sabuni kwenda Muyinga, maharage kurudi Gitega. Alikuwa mtu wa kelele, anacheka sana, na Mama Fundi hakumpenda kwa sababu alikuwa na tabia ya kukojoa kwenye migomba ya nyuma badala ya kungoja zamu. "Migomba nayo inahitaji mboji," Saidi alikuwa akisema, na wanaume wanacheka. Wiki moja kabla ya ile siku alirudisha lori kinyumenyume uani, tairi likaingia kwenye dimbwi, tope likaruka likalichafua gauni jeupe la harusi alilokuwa amelianika Mama Fundi. Saidi akacheka. Hakucheka kwa ubaya, ndivyo alivyokuwa, lakini alicheka. Mama Fundi akamwambia mbele yetu sote, "Cheka tu. Iko siku utanihitaji."

Maneno hayo niliyabeba miaka mingi.

Krizi ilipoanza, lori la Saidi lilibeba watu. Aliwapandisha waliokuwa wakikimbia, akawashusha Muyinga, karibu na mpaka, wakavuka kwenda Tanzania. Hakuuliza huyu ni wa upande gani, yule ni wa upande gani. Kwa hiyo pande zote zikawa na sababu ya kumchukia, na mtu fulani akalitaja jina lake.

Walikuja wanne, saa tatu asubuhi, jua limeshatoka na nguo zimeanikwa. Vijana. Wawili walikuwa na bunduki. Saidi aliwaona wakiingia getini, akapitia mlango wa jikoni, akaingia chooni, mlango wa kushoto. Mimi na mama tuliamriwa tukae chini chumbani, tusisogee. Wakageuza magodoro, wakachungulia chini ya vitanda, wakachoma gunia la mchele kwa kisu. Nilikuwa natazama mchele ukimwagika na ninawaza nani atauokota. Hivyo tu ndivyo nilivyokuwa nawaza.

Mmoja akasema kwa Kirundi, "Tugende." Twendeni. Nikasikia viatu vyao vinatoka, vinavuka ua, vinaenda getini. Mama akanishika mkono.

Ndipo nikasikia sauti ya Mama Fundi, na nyuma yake mashini inalia vilevile, haikupungua. "Iko mutu ndani."

Sikutoka. Tuliambiwa tusisogee, hatukusogea. Muda gani ulipita siwezi kukwambia, pengine dakika moja, pengine kumi. Kisha kelele, kisha viatu vingi kwa pamoja, kisha kimya. Nilipotoka mlango wa kushoto ulikuwa wazi na geti lilikuwa wazi. Mama Fundi alikuwa amekaa palepale, mikono juu ya kitambaa, na mashini imesimama.

Maiti hatukuiona. Tulingoja, halafu tukaacha kungoja, na hapakuwa na siku maalumu ya kuacha. Mke wa Saidi alirudi kwao. Mama alikaa eda ya huzuni isiyokuwa na jina, kisha akaendelea kupika. Mimi niliokota mchele.

Watu huniuliza mbona sikumwuliza palepale. Tuliishi ua mmoja miaka sita baada ya hapo. Nilipita mbele ya mashini yake kila siku, nikamsalimu, "Shikamoo Mama Fundi," akaitikia, "Marahaba." Alinishonea hata gauni la harusi yangu, na sikumbuki lilikuwa la namna gani. Ndani yangu palikuwa pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Nilikuwa najua tu kwamba walikuwa wanaondoka. Walishafika getini, na yeye akafungua mdomo. Wengine mtaani walisema ni mazoea, maskini, mdomo ulimponyoka, miaka thelathini ya kusema neno lilelile. Wengine walikumbuka lile gauni jeupe. Mimi sikuwa upande wowote. Nilikuwa nasikiliza tu.

Kitu kimoja kilibadilika. Tangu siku ile hakulisema tena lile neno. Ungeweza kuelekea chooni, anakuona, ndani kuna mtu, na ananyamaza, ameinamisha kichwa kwenye mshono. Watu wakaanza kufunguliana. Mzee mmoja alifunguliwa na mtoto wa shule akakasirika karibu azimie. Wanawake wakaanza kwenda wawiliwawili, mmoja ashike mlango. Mwishowe wapangaji wakaweka komeo la chuma, zito, limechomelewa, na hilo halikuibiwa. Mama Fundi alilitazama likichomelewa, na wiki ileile akauza mashini, akaenda Muyinga kwa mtoto wa dada yake. Hakuaga mtu. Nilisikia kwa watu kwamba ameondoka, nikaendelea kumenya ndizi.

Miaka ikapita, nikawa na watoto wakubwa, na mama akafariki. Kisha ndugu mmoja wa upande wa mume wangu akamwoza binti yake huko Muyinga, na sisi tukaenda. Ilikuwa harusi kubwa. Maturubai, viti vya kukodi, masufuria ya pilau nyuma ya nyumba, na wageni kama mia tatu kwa choo kimoja. Nilikwenda kujipanga kwenye mstari wa wanawake. Pale pembeni, kwenye kivuli cha ukuta, walikuwa wamewakalisha vikongwe juu ya mkeka, na mmoja alikuwa yeye. Alikuwa amekauka, macho yana ukungu, lakini kile kidevu nilikijua.

Nilitoka kwenye mstari. Sijui kwa nini siku ile na si siku nyingine. Labda kwa sababu mama yangu hakuwepo tena wa kuumia. Nikaketi mkekani, nikamsalimu, nikamtajia jina langu na la baba yangu. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akaupapasa.

"Zaina," akasema. "Uso imetulia. Zamani ilikuwa na vipele."

"Mama Fundi," nikamwambia, "nataka kukuuliza kitu kimoja."

"Uliza. Mi nakungojea tangu siku mingi."

"Siku ile. Ulijua aliye ndani ni Saidi?"

Hakushtuka. Alinyoosha khanga yake kwenye magoti kwanza.

"Nilimuona akiingia," akasema.

Nikangoja.

"Wale watatu walishafika kwenye geti," akaendelea, polepole, kama mtu anayesoma. "Yule wa nne akarudi. Peke yake. Anafungua mukanda. Haja ilikuwa imemubana, ndo hiyo tu, hakuwa anatafuta mutu tena. Anakuja kwenye mulango ya kushoto, mukono iko mbele hivi. Mi nikawaza: nikinyamaza, anafungua, anamukuta. Nikisema, ataenda kwenye migomba. Mwanaume mwenye bunduki, Zaina, anangoja choo? Kaka yako hakuwa na bunduki na alikuwa anaenda kwenye migomba kila siku. Nikasema."

"Ukasema."

"Nikasema. Sikukuwa na kitu ingine. Sikukuwa na panga, sikukuwa na mwanaume, nilikuwa na hilo neno moja."

Wanawake kwenye mstari walikuwa wanacheka jambo fulani, na ngoma ilikuwa imeanza upande wa mbele. Nikamwuliza kisha ikawaje, maana hapo ndipo nilipokuwa sipajui. Miaka yote nilidhani walifungua palepale.

"Akasimama," akasema. "Akaniambia, 'Pardon, mama.' Akafunga mukanda, akarudi nyuma mpaka kwenye ndimu, akageuza uso aangalie ukuta. Akangoja. Wenzake wakamuita, 'Tugende!' Akasema, 'Mungoje kidogo, nangoja choo.' Wakarudi, wakakaa. Nikashona. Nikashona, nikashona, sijui nilishona nini, nikawa namuomba Mungu yule mutoto achoke, aende kwenye migomba, akojoe kwenye ukuta, akojoe kwenye mashini yangu. Hakuenda. Wakakaa sana. Mwisho mumoja akauliza, 'Nani anakaa chooni muda huu wote?'"

Akaweka mkono wake juu ya goti langu, mwepesi, hauna uzito kabisa.

"Alikuwa na adabu, yule kijana," akasema. "Sijui nani alimulea."

Niliyatafuta yale maneno niliyokuwa nimeyaweka miaka yote ile, ya kumwambia siku hii ikifika, kama ni mazoea niseme hivi, kama ni makusudi niseme vile. Hayakufaa hata moja. Bibi harusi alikuwa anatolewa, watu wote wakainuka, vigelegele kila mahali, na sisi wawili tukabaki tumekaa. Nikamwuliza kama amekula.

"Bado," akasema.

Nikaenda kumpakulia.